Kwa Motokaa Kupitia Namanga: Usivuke Bila Kadi ya Manjano

Leo twendeni pamoja kwa motokaa kutoka Nairobi mpaka Arusha. Safari yenyewe si ndefu, yapata kilomita 270, na barabara ni ya lami toka mwanzo hata mwisho. Wengi wenu mna ndugu ng'ambo ya mpaka, na siku ya arusi au ya matanga gari la mtu mmoja hujaa ukoo mzima. Kwa hiyo maneno haya si ya mwenye gari peke yake. Ni ya kila atakayepanda, na hata ya yule atembeaye kwa miguu kando ya njia.

Ukitoka Nairobi utapita Athi River na Kitengela, penye majumba mengi na malori mengi. Ukiisha kupita Isinya, nchi hufunguka. Huko Kajiado na Bisil utaona mbuga pana, migunga, na makundi ya ng'ombe na mbuzi wa Wamasai. Hapo dereva mwenye akili hupunguza mwendo, maana ng'ombe hawajui sheria za barabarani. Halafu mbele yako huinuka Ol Doinyo Orok, yaani Mlima Mweusi kwa Kimasai, na chini yake ndiyo Namanga.

Namanga ni mji uliogawanywa na mpaka. Upande huu Kenya, upande huu Tanzania, na wenyeji wa pande zote mbili ni watu wa ukoo mmoja. Wazee wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka. Haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Siku hizi mambo ni mepesi. Tarehe 1 Desemba 2018 marais wa nchi hizi mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja: ukitoka Kenya wapita moja kwa moja mpaka jengo la upande wa Tanzania, na humo wakaa maofisa wa nchi zote mbili. Wasimama mara moja tu.

Lakini kipo kitu ambacho hakivuki mpaka kwa urahisi namna hiyo, nacho ni bima ya gari lako.

Bima ya mtu wa tatu ni nini? Mtu wa kwanza ni wewe mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule usiyemjua, ambaye gari lako laweza kumgonga njiani. Sheria ya Kenya na sheria ya Tanzania zote mbili zakataza kuendesha gari bila bima hiyo, ili aliyeumizwa apate haki yake hata kama mwenye gari ni maskini. Basi, hati uliyokata Kenya imewekwa kwa sheria ya Kenya. Ukivuka, wewe u chini ya sheria ya Tanzania, na askari atataka kuona bima inayotambulika huko.

Zamani msafiri alilazimika kununua bima mpya katika kila mpaka. Nchi za Ulaya zilikwisha kupata dawa ya shida hiyo: tangu mwaka 1953 hutumia kadi ya kijani. Afrika ya Magharibi ilifuata mwaka 1982 kwa kadi ya kahawia. Kwetu huku mapatano yalitiwa sahihi mwaka 1986, na kazi ikaanza mwaka 1987. Ndiyo Kadi ya Manjano ya COMESA. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango huu wa kadi imebaki. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo ya Kinshasa, Malawi, Zambia na Ethiopia zimo pia. Msumbiji haimo, kwa hiyo aendaye huko aulizie mapema bima ya nchi ile.

Jinsi ya kuipata si kazi ngumu. Nenda kwa kampuni ile ile iliyokukatia bima ya nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari. Waambie nchi utakazopita na siku utakazokaa. Utalipa nyongeza kwa fedha za kwenu. Ukipewa kadi, isome pale pale: namba ya gari ni sahihi? Nchi unayokwenda imeandikwa? Siku ya mwisho itatosha hata kama matanga yatarefuka? Usingoje mpaka Namanga ukamkabidhi mtu usiyemjua fedha zako. Hati ya uongo haitakusaidia kitu siku ya ajali.

Na tusichanganye mambo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho huitwa kadi ya manjano. Kile ni cha mwili wako. Hii ni ya gari. Beba zote mbili, pamoja na leseni, kadi ya gari, na hati yako ya kusafiria. Gari likiwa la mtu mwingine, chukua na barua yake ya ruhusa. Forodhani pia utaomba kibali cha muda cha gari la kigeni. Siku zake zikiisha, gari liwe limekwisha kurudi.

Yafaa kujua pia mipaka ya kadi hii. Humlipa mtu wa tatu kwa sheria ya nchi ulimo, na husaidia matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Gari lako likivunjika au likiibiwa, kadi hailipi. Kwa hayo uliza kama bima yako kubwa yafika ng'ambo, au yataka nyongeza.

Ikitokea ajali, simama, msaidie aliyeumia, na upige ripoti polisi. Usimwahidi mtu fedha wala usikubali kosa kwa maandishi. Kila nchi iliyomo ina ofisi yake ya kadi hii, nayo ndiyo itakayoshughulikia madai, kisha kampuni yako itarudisha fedha. Uombe anwani ya ofisi hiyo kabla hujaondoka nyumbani.

Haya, tuendelee. Kutoka Namanga mpaka Arusha ni kama kilomita 110. Utaupita mlima wa Longido, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana Novemba 1914, kisha Mlima Meru utaonekana mbele. Penye nyumba za watu usizidi kilomita 50 kwa saa. Kando ya njia hiyo watoto huchunga mbuzi kutwa. Mtoto akigongwa na gari la kigeni lisilo na bima, nalo likarudi kwao, baba yake atamdai nani? Atauza ng'ombe wake amtibu mwanawe. Na mwenye gari akikamatwa, naye atauza shamba lake. Nyumba mbili zitaanguka kwa kukosa karatasi moja.

Safari njema, na salamu kwa ndugu wa Arusha.