Daftari la Fundi wa Umeme



Yako madeni ambayo huchelewa sana kudaiwa. Fundi wa umeme aliyetoboa ubao wa swichi akiwa na miaka 25 anaweza kuugua kwa vumbi la siku ile akiwa na miaka 60, wakati ambapo kampuni iliyomwajiri imekwisha kufungwa, jengo limebomolewa, na wenzake wengi wamezikwa. Tangu vijana kadhaa wa parokia yetu waanze kujifunza kazi ya umeme, nimelifikiri sana jambo hili, nami napenda kuwashirikisha nililolielewa: kwa ugonjwa unaokawia hivyo, haki hutegemea kumbukumbu.

Vumbi ninalolisema ni la asbesto, ambayo kwetu wengi huijua kwa jina la Kifaransa, amiante. Ni madini yenye nyuzi nyembamba mno. Hayaungui, wala hayapitishi umeme kwa urahisi. Kwa sababu hizo mbili yalipendwa sana na watengenezaji wa vifaa vya umeme katika karne ya 20. Yalitiwa katika mbao za kufungia swichi na fyuzi, ndani ya mitambo mikubwa ya kukatia umeme ili kuzuia cheche, na katika kifuniko cha nyaya za mahali penye joto kali. Fundi alipotoboa au kukata, nyuzi zisizoonekana kwa macho ziliruka hewani, naye akazivuta. Hata asiyeigusa asbesto hakusalimika: katika viwanda vya meli na vituo vya kuzalisha umeme, mafundi umeme walifanya kazi kando ya wenzao waliokuwa wakifunika mabomba kwa asbesto. Wengine walirudi nyumbani na vumbi katika nguo, na aliyezifua nguo hizo akaugua vilevile.

Nyuzi hizo huweza kuleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesotelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu au viungo vya tumbo. Mesotelioma mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50.

Nchi ambayo mahakama zake zimelishughulikia sana suala hili ni Marekani, na huko mgonjwa anayo milango mitatu. Wa kwanza ni fidia ya wafanyakazi, inayolipwa kwa upande wa mwajiri. Mgonjwa halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosa. Ila kwa kawaida sheria hiyo humzuia kumshitaki mwajiri huyo.

Mlango wa pili ni kumshitaki aliyetengeneza bidhaa. Clarence Borel, mfanyakazi wa Texas, alianza mwaka 1936 kufunika mabomba na mitambo yenye joto kwa asbesto. Mwaka 1969 aliwashitaki watengenezaji. Mwaka 1970 akafariki kabla kesi yake haijamalizika. Mwaka 1973 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba watengenezaji walikuwa na wajibu wa kuwaonya wafanyakazi juu ya hatari. Borel hakuwa fundi umeme, lakini mlango alioufungua ulipitiwa na mafundi wa kazi nyingi.

Mlango wa tatu ni mifuko ya fidia. Kampuni ya Johns-Manville, iliyolemewa na mashitaka, iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 1982. Mfuko wa kuwalipa wagonjwa wake ukaanzishwa mwaka 1988, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Muda wa kudai nao una mpaka. Kwa kawaida huhesabiwa tangu mgonjwa alipoujua ugonjwa wake, si tangu alipovuta vumbi. Lakini hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na unaweza kuwa mfupi.

Katika milango hiyo yote swali huwa lilelile: ulifanya kazi wapi, mwaka gani, ukishika kifaa cha nani? Hapo ndipo fundi umeme hupata taabu kuliko wengine. Aliyefunika mabomba aliijua bidhaa aliyoishika kila siku. Fundi umeme amepita katika majengo mengi, wiki mbili hapa, mwezi mmoja pale. Ndiyo maana wanasheria hutafuta kumbukumbu za vyama vya wafanyakazi, hati za mishahara, na ushahidi wa wenzake walio hai bado.

Kijana mmoja anayejifunza kazi hiyo aliniambia: «Mwalimu, mimi ni kibarua. Nikiuliza ubao huu umetengenezwa kwa nini, kesho ataitwa mwingine.» Neno lake ni la kweli, na sina jibu la kulifuta. Hapa kwetu CNSS ina tawi la ajali za kazini na magonjwa ya kazi. Lakini aliyefanya kazi bila mkataba wala kuandikishwa atabisha hodi akiwa mikono mitupu.

Hata hivyo, kuandika hakuombi ruhusa ya mtu. Nunueni daftari. Andikeni mwaka, mahali, jina la mwajiri, jina lililochapwa juu ya kifaa, na majina ya mliofanya kazi pamoja. Tunzeni kila karatasi ya mshahara. Katika jengo la zamani, msitoboe wala kuvunja ubao msioujua. Msifagie vumbi lake likiwa kavu. Msiende nalo nyumbani katika nguo. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizo.

Sisi walimu twajua uchovu wa kujaza daftari la maandalizi kila jioni, hali mkaguzi hatujui atafika lini. Mkaguzi wa fundi umeme huenda akachelewa miaka 40. Akifika, asikute kurasa tupu.