Taraja la Mwalimu wa Ikola

Mwalimu mmoja wa Ikola, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, ana mapenzi ya zamani na mchezo wa kompyuta. Watu wa makamo yake huona haya kukiri jambo kama hili, yeye haoni. Mchezo wenyewe ni Morrowind wa mwaka 2002, wa tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls ulioanza 1994. Mchezaji huvaa uhusika wa mfungwa anayeshushwa melini katika kijiji duni cha pwani, hana mali wala jamaa, akaachwa aende atakako. Aliyeona abiria wa Liemba wakiteremshiwa mitumbwini, mbele ya vijiji visivyo na gati, hatastaajabia mwanzo huo.

Utamu wake ulikuwa katika kupotea. Aliyetafuta pango aliambiwa kwa maneno: fuata mto, ukiona daraja geuka mashariki, kisha uliza tena. Ndivyo mgeni anavyoelekezwa Ikola. Mwaka 2006 ukaja Oblivion na mshale wa kuonyesha njia. Skyrim wa 2011 ukafuata nyayo. Yote miwili ni michezo mizuri, walakini mshale ule uliwafundisha wachezaji kutosikiliza. Skyrim huruhusu kuuzima, lakini auzimaye aghalabu hubaki kipofu, kwa kuwa wenyeji hawakuandikiwa maneno ya kumwelekeza. Mwana wa Mwalimu ameanzia hapo. Huwapita watu wenye visa vya kusimulia, macho yakiwa juu ya dira. Baba hamlaumu, wala hajui amrithishe vipi raha ya kuuliza njia.

Juni 2018 Bethesda, watengenezaji wa mfululizo huo, walitangaza mchezo wa sita: milima, jina, basi. Mwaka 2023 wakatoa kwanza Starfield, wenye sayari zaidi ya 1,000, sehemu kubwa ya ardhi yake ikiwa imeumbwa na programu. Upana ulipatikana, wenyeji wakaadimika. Hapo ndipo ilipo hofu ya Mwalimu. Mwaka 2025 Oblivion ukarudishwa kwa sura mpya, naye akafurahi kwa kiasi, maana kiporo hata kikipashwa moto ni kiporo.

Haombi makuu. Anataka mshale uzimike, na ukizimika, mzee wa kijijini awe na maneno ya kumfikisha mtu. Amekwisha kuanza kuweka akiba ya kununua kompyuta itakayoumudu mchezo huo. Kijana ameuliza kama utakuwa na mshale. Mwalimu amesema huenda, akaongeza noti moja katika akiba.