Nilimwandaa Kila Mtu Isipokuwa Binti Yangu

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka zaidi ya 20 nimekaa na kina mama wajawazito kliniki, nikiwaeleza jinsi ya kujiandaa kwa siku ya kujifungua: weka akiba ya nauli, tayarisha kanga safi, jua mapema nani atakusindikiza. Lakini binti yangu wa kwanza aliponiambia anataka kwenda kupanga chumba, somo hilo lote nililisahau.

"Mama, sasa nina kazi. Naomba nikajitegemee," alisema.

Nilimjibu kwa ukali kwamba binti wa Kikristo huondoka kwao siku ya harusi, na kwamba akivuka mlango asirudi. Kusema kweli, si imani iliyonisemesha. Niliogopa kina mama wenzangu wa kanisani wangesema nini.

Aliondoka baada ya wiki mbili. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye akataka kodi ya mwezi mmoja. Binti yangu alikopa kwa wafanyakazi wenzake akalipa. Mimi sikwenda hata kupaona anapoishi.

Mwezi wa tatu, muuguzi mwenzangu aliniita. "Dada, njoo umwone mwanao." Nilimkuta amelala, ametundikiwa dripu. Alikuwa na malaria kali, tena amekonda. Alikuwa akila mlo mmoja kwa siku ili alipe madeni, na kulala mkekani bila chandarua. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambiaje, Mama, na ulisema nisirudi?"

Wasomaji wapendwa, maneno hayo yaliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimwomba msamaha pale pale kitandani. Alirudi nyumbani, na kodi ya miezi mitatu iliyobaki haikurudishwa.

Alipopona na kumaliza madeni, hamu yake ya kujitegemea ilikuwa pale pale. Safari hii tuliketi mezani sote watatu tukiwa na daftari. Baba yake alitukumbusha mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14, kisha akachukua kalamu.

Tuliandika hivi: kodi ya miezi sita kwa 60,000 ni shilingi 360,000, dalali 60,000, godoro, chandarua, jiko la gesi, sufuria, ndoo na pazia 280,000, chakula na nauli ya mwezi wa kwanza 150,000. Jumla 850,000. Mshahara wake ungemruhusu kuweka 110,000 kila mwezi, kwa hiyo angehitaji miezi minane. Vyombo alivinunua kimoja kimoja, akavihifadhi chini ya kitanda.

Mwezi wa saba tulifanya jaribio. Aliishi humu humu ndani kama mpangaji: alijinunulia chakula, akachangia umeme wa LUKU, akaandika kila shilingi. Fedha zilimwishia tarehe 22! Tulicheka, lakini alijifunza kununua mchele na maharage ya mwezi mzima siku ya mshahara badala ya chipsi kila jioni.

Chumba nilikwenda kukiona pamoja naye. Tuliwauliza wapangaji, si dalali, maji hutoka siku zipi, mita ya umeme inatumiwa na vyumba vingapi, na njia ikoje usiku. Mkataba uliandikwa na mwenye nyumba mwenyewe, na stakabadhi tukaichukua. Tulibadilisha kitasa cha mlango, kisha akaenda kujitambulisha ofisi ya serikali ya mtaa.

Siku ya kuhama tulimwombea. Nilimpa doti ya kanga, paketi ya ORS na ufunguo wa nyumba yetu. "Huu ni wa nini, Mama?" aliuliza. Nikamwambia, "Ni wa kurudia, hata usiku wa manane."

Mama mwenzangu, mtoto wako akianza kuzungumzia kuhama, usikimbilie kuuliza watu watasema nini. Chukua daftari. Ukimkatalia, huenda ataondoka vivyo hivyo, ila ataondoka bila godoro, bila akiba, na bila njia ya kurudi. Nyumba inayomwandaa mtoto kuondoka ndiyo anayopenda kuitembelea. Wangu huja kila Jumapili baada ya ibada, na mara nyingine huja na mchele wake.