Msimamizi Wangu Alikuwa Mdogo Wangu

Nilirudi chuoni kusoma shahada ya uzamili nikiwa nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi. Nilipopangiwa msimamizi, nikakuta ni dada wa rika la mdogo wangu wa mwisho. Yeye aliniamkia shikamoo. Mimi nilimwita Daktari kwa mdomo tu, moyoni sikumkubali.

Utafiti wangu ulihusu msamiati wa wavuvi wa Kilwa. Nilipita na barua ya chuo, ya mkoa na ya wilaya, nikakaa na wazee pwani, nikajaza madaftari. Lakini kila nilichoandika kilirudi na swali lilelile: "Pengo la utafiti liko wapi?" Badala ya kumuuliza, nilinuna. Nikaijaza sura ya pili fasili za vitabuni. Nayo ikarudi.

Nikaanza kumkwepa. Simu yake sipokei. Nilisingizia mtandao, kisha kazi za shule, kisha ugonjwa. Huku nadaiwa ada, na ruhusa ya mwajiri inakaribia kwisha. Walioanza nyuma yangu walitetea tasnifu zao, nami nikawapigia makofi huku roho inaniuma.

Siku moja alinipigia kwa namba nisiyoijua. Nilitarajia kufokewa. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Usilete sura yoyote. Njoo na madaftari yako tu."

Nilikwenda. Hakugusia muda wote niliopotea. Aliuliza tu wavuvi waliniambia nini. Nikamweleza wanavyotweka tanga alfajiri na kutoka kwa umande, upepo utokao nchi kavu, na kurudi kwa matlai, uvumao kutoka baharini. Na jinsi vijana wa boti za mashine wanavyoyasikia majina hayo bila kuyahitaji. Niliongea hadi adhana ya alasiri. Yeye alikuwa akiandika. Mwisho akanisogezea karatasi: "Pengo lako hili hapa, Mwalimu. Tanga likiondoka, maneno yake yanakwenda wapi?"

Sikustahili wema ule. Mwanafunzi wangu angenikwepa hivyo, ningeshamfuta.

Baada ya hapo kazi haikuwa nyepesi. Masahihisho hayakupungua, na kiburi kilirudi mara kwa mara. Ila sasa nilipeleka kazi ingali mbovu, na nisipoelewa niliuliza. Namshukuru Mungu, nilitetea tasnifu nikafaulu, na hata siku hiyo nilipewa masahihisho.

Ndugu yangu uliyejificha na sura isiyokwisha, huenda msimamizi wako si mwepesi kama wangu. Wapo wasiopokea simu kweli. Lakini kama ni aibu inayokuzuia, mpelekee kurasa chache wiki hii, hata kama ni mbovu. Akikosa nafasi, mtafute mwenzako aliyekutangulia azisome. Usisubiri ziwe nzuri ndipo uonyeshe.