Kariokor kwa Miguu

Wengi wetu tukitajiwa Kariokor, akili hukimbilia nyama choma na vyondo. Kumbe jina lenyewe ni Kiingereza kilichotafunwa! Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918.

Mzee aliyetutembeza sisi wanachama, mzaliwa wa Majengo, alianzia katikati ya mji, kwenye sanamu za shaba za Kenyatta Avenue. Ni watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi wala si risasi. Pale hapana jina la mtu hata mmoja.

"Wajukuu wangu, nani ana babu aliyekwenda?" mzee akauliza. Sote kimya, kama tuliomwagiwa maji.

Basi tukashika njia, jua la utosi, hadi soko la Kariokor, kisha Pumwani, mtaa waliotengewa Waafrika mapema miaka ya 1920. Walipewa viwanja wakajijengea wenyewe. Mbele ya ghorofa moja mzee akasimama. "Nyumba ya mama ilikuwa hapa," akasema, akasonga mbele upesi.

Tulimalizia Shauri Moyo, walikohamishiwa watu wa Pangani kijiji chao kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Miguu ilikuwa imevimba, lakini hakuna aliyelalamika.

Likizoni nilimuuliza nyanya kuhusu wazee wetu waliochukuliwa vitani. Alinitajia majina mawili. La tatu limempotea.