Mpira Una Macho Yote. Mchezaji Je?

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane muda: mechi za basketi za shule za upili zinahitaji marefa watatu. Sisemi kila mechi ya zoni inayochezwa asubuhi na mashabiki sita. Nasema kuanzia pale mambo huanza kuwaka, nusu fainali na fainali za kaunti, halafu kanda ya Nyanza yote, halafu kitaifa. Najua kuna mwalimu wa michezo mahali anasoma hii akicheka, kwa sababu kupata hata hao wawili ni kubembeleza watu. Tulia mwalimu, nitakufikia.

Tuanze na hesabu. Uwanja wa basketi wa FIBA una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Zidisha, unapata mita mraba 420. Ndani ya hiyo nafasi kuna wachezaji kumi wanakimbia, wanaruka, wanawekeana skrini, wanasukumana wakingoja ribaundi. Marefa wakiwa wawili, kila mmoja ana watu watano wa kuchunga. Na hao watano hawajasimama foleni kama wanangoja chapo.

Vile wawili hufanya kazi ni hivi. Mmoja anakaa mbele, kwenye mstari wa mwisho karibu na kikapu. Mwingine anafuata nyuma ya mpira. Timu zikigeuka kwenda upande ule mwingine, wa nyuma anakuwa wa mbele, wa mbele anakuwa wa nyuma. Huyu wa nyuma anamwangalia mwenye mpira, anaangalia pia mguu kama umekanyaga mstari wa pointi tatu. Wa mbele anachunga msongamano wa chini ya kikapu. Mahali pengine pote wanagawana, wakipata nafasi.

Ukiongeza wa tatu, anasimama kando, upande wa pili wa uwanja kutoka kwa huyu wa nyuma, karibu usawa wa mstari wa mitupo ya adhabu. Kazi yake kubwa ni kuangalia mahali mpira haupo. Mpira ukivuka kuja upande wake, refa wa mbele naye anavuka na wengine wanabadilisha kazi. Kwa hivyo hakuna mtu anabaki kati mechi nzima. Wanazunguka, na kila wakati kuna jozi ya macho imebaki ule upande watu wamesahau.

Sheria hazikatazi hii. Kitabu cha FIBA kinasema refa mkuu mmoja, na wasaidizi mmoja au wawili. Kwa hivyo mtu akikuambia wawili wanatosha kisheria, hajadanganya. Mimi nauliza kama wanatosha kwa mtoto aliye uwanjani.

Nina sababu ya kuuliza. Nikiwa Fomu Tatu tulifika nusu fainali ya kaunti. Mimi ndiye nilikuwa napandisha mpira. Mrefu wetu wa chini ya kikapu ni rafiki yangu wa mtaa, tulikuwa tunatembea pamoja kwenda mazoezi kutoka Nyalenda. Jina lake sitaji, amenikataza. Robo ya tatu, mpira uko kwangu upande wa kushoto, kuna mtu amenibana hadi naskia pumzi yake. Refa wa nyuma ananiangalia mimi, na ni haki yake, kwa sababu huyo dem alikuwa ananichapa mikono. Refa wa mbele anaangalia wawili wanaopigana nafasi chini ya kikapu, upande wangu. Upande wa kulia, mrefu wetu anakata kuingia ndani. Akapigwa kiwiko cha mbavu, halafu goti la mtu likaingia nyuma ya goti lake. Akaanguka na mguu umejipinda.

Mimi niliona kwa sababu ndiye nilikuwa nataka kumpasia. Mashabiki waliona pia, walipiga kelele zote. Filimbi, kimya. Mpira uliendelea mpaka ukatoka nje ndio mechi ikasimama.

Kocha wetu alienda akiwa amewaka. Mmoja wa wale marefa akamwambia kwa upole, "Mwalimu, siwezi kupuliza kitu sikuona." Na wasee, alikuwa sawa. Refa akianza kupuliza vitu anavyodhania, mchezo umeisha. Wote wawili walikuwa wanaangalia mahali kazi yao iliwaambia waangalie. Ndio maana mimi sina hasira na wao. Hasira yangu iko kwa mpangilio unaoacha theluthi ya uwanja bila mwenyewe halafu ukisikia mtu ameumia unasema, "basketi ni mchezo wa mwili."

Goti lilimweka nje msimu wote. Kumbuka basketi ni ya michezo ya muhula wa kwanza. Ukikosa huo muhula, umengoja mwaka mzima. Na kulikuwa na shule nyingine imeanza kuongea na mama yake habari ya kumsaidia karo aende kuwachezea. Baada ya goti, simu zikaacha kuingia. Mama yake anauza omena. Kwa nyumba kama hiyo, basketi ni raha, sawa, lakini pia ni karo. Mtu akikuambia faulo ambayo haikuonekana ni kitu kidogo, mwambie aende akamweleze huyo mama.

Mimi nilijaribu kumweleza. Nilienda kumwona mgonjwa, mama akaniketisha, akaniuliza, "Nyara, hao marefa walikuwa wanaangalia nini?" Nikamwambia, "Mpira, mama." Akanyamaza kidogo, akasema, "Na mtoto?"

Sikuwa na jibu. Baadaye ndio nikaanza kusoma mambo ya marefa.

Nikakuta hii vita si yetu peke yetu. NBA, na pesa yote ile, ilicheza miaka mingi na marefa wawili. Msimu wa 1978-79 wakajaribu watatu. Msimu uliofuata wakarudi kwa wawili. Ilichukua mpaka msimu wa 1988-89 ndio watatu wakarudi, na hawajatoka tena. Watu wazima, mamilioni ya dola, walihitaji karibu miaka kumi kukubali kwamba macho manne hayatoshi kwa miili kumi. Hata huko Marekani, basketi ya shule za upili bado inatofautiana jimbo kwa jimbo: kwingine wawili, kwingine watatu. Hapa kwetu Afrika, Basketball Africa League ilipoanza Kigali mwaka 2021, ilichezeshwa na marefa watatu. Kwa hivyo dem wa Nyalenda anatazama hiyo ligi kwa simu, anaona watatu, halafu kesho anaenda kucheza kwenye simiti bila mtu wa kuangalia mgongo wake.

Sasa mwalimu, nimefika kwako.

Unasema hakuna pesa. Ni kweli refa wa tatu ana posho, ana nauli, anakula lunchi. Bili ya marefa inapanda kwa nusu, siwezi kuficha hiyo. Ndio maana sijaomba watatu kwa kila mechi. Kufika nusu fainali za kaunti, mechi zimebaki chache, na hapo ndipo watu huchezeana vibaya zaidi kwa sababu tiketi ya kanda iko mezani. Nusu fainali mbili na fainali moja, wavulana na wasichana, ni mechi sita. Sita! Kaunti ikikosa kulipa mtu mmoja zaidi kwa mechi sita, hapo shida si pesa peke yake.

Tena kuna kitu hatuhesabu. Siku ya mashindano unaona refa mmoja amepuliza mechi ya asubuhi, ya saa tano, na ya saa nane, kwenye jua la Kisumu ambalo wewe mwenyewe unalijua. Ile ya mwisho anatembea mahali alikuwa anakimbia. Mkiwa watatu kila mtu anakimbia kidogo, na aliyepumzika anaona.

Unasema hakuna watu. Hapo ndio tunakosana kabisa. Njoo Nyalenda mchana wowote, A ama B, nikuonyeshe wasichana na vijana waliocheza basketi ya shule miaka minne, wakamaliza Fomu Nne, sasa wako tu. Mmoja anaendesha boda, mwingine anasaidia kwa kibanda, mwingine anangoja chuo. Wanajua skrini haramu inakaaje kwa sababu wao ndio walikuwa wanaiweka. Wachukue, wafunze sheria vizuri, wapeleke kliniki ya marefa, halafu uwaingize mmoja mmoja katikati ya marefa wawili wazoefu. Kwa marefa wawili, mwanafunzi wa filimbi akikosea, nusu ya uwanja imeenda naye. Kwa watatu, kuna wakubwa wawili wa kumshika mkono. Hiyo nafasi ya tatu inaweza kuwa darasa na kazi ya kwanza, vyote pamoja.

Wasichana hasa. Mimi nimecheza miaka minne na mechi zilizopulizwa na mwanamke naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Unasema watatu wabaya ni wabaya kuliko wawili wazuri. Nakubali, bila ubishi. Watatu wote wakiangalia mpira ni sawa na refa mmoja mwenye miguu sita. Hii mbinu inafunzwa: nani anasimama wapi, nani anavuka lini, nani ana haki ya kupuliza nini. Kuongeza mtu bila kumfundisha ni kuongeza filimbi tu, na filimbi zinazogongana zinaharibu mechi. Kwa hivyo mafunzo kwanza, halafu mechi. Lakini "hawajafunzwa" ni sababu ya kuwafunza. Tusiifanye sababu ya kuacha.

Na kuna wale wanasema mechi itasimama sana. Mwaka jana likizo ya Desemba tulikuwa na mashindano madogo ya mtaa, tukaamua fainali ya wasichana iwe na watatu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na filimbi ya kuazima. Robo ya kwanza ilikuwa mateso, nakuambia ukweli. Tulipuliza faulo za kando ambazo watu hawajazoea kupulizwa, mashabiki wakatuita kila jina. Robo ya pili wachezaji wakaanza kuangalia nyuma kabla ya kusukuma. Kufika robo ya tatu mikono ilikuwa imerudi kwa wenyewe, na mechi ikaenda kasi kuliko ile ya wavulana tuliyokuwa tumetoka kuona. Mchezaji akijua kuna mtu anamwona, anacheza basketi. Akijua hakuna, anacheza mambo mengine.

Mechi moja ya mtaa haithibitishi dunia. Lakini imenitosha kujua kwamba inawezekana kufanywa na watu wa kawaida, kwenye simiti iliyopasuka, bila bajeti ya NBA.

Rafiki yangu sasa anatembea poa. Kucheza kwa kasi ile ya zamani, hapana. Nimemwambia aje tujifunze filimbi pamoja, bado ananizungusha. Anasema hataki kutukanwa na mashabiki bure. Namwambia si bure, kuna lunchi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Muhula wa kwanza ukifika, enda uangalie mechi ya shule karibu nawe. Chagua robo moja tu, na hiyo robo nzima usiangalie mpira. Angalia ule upande mwingine. Hesabu viwiko, hesabu jezi zinazovutwa, hesabu mara ngapi mtu anaanguka na hakuna anayegeuza kichwa. Halafu ukimaliza, mtafute mwalimu wa michezo, msalimie kwa heshima, umwambie umepata ngapi.