Hesabu ya Siku Zetu

Waumini wenzetu hutuuliza kwa nini watoto wetu wawili hawaonekani njiani asubuhi wakiwa na sare za shule. Si kwamba tunaidharau shule. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi kwa taaluma. Ni kwamba binti yetu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Katika muhula mmoja wa Gredi ya Tatu alikosa masomo wiki tano, na kila aliporudi, darasa lilikuwa limekwisha kumwacha. Tuliomba, tukapiga hesabu ya mshahara mmoja badala ya miwili, kisha tukaamua kumsomesha nyumbani. Mdogo wake wa kiume naye akaomba abaki. Basi tukawa shule ya wanafunzi wawili, hapa Kisauni, Mombasa.

Tunasimulia juma moja tu, lile alilotimiza miaka kumi.

Jumatatu, kama siku zote, tulianza kwa sala na bilauri ya maji. Mgonjwa wa selimundu hunywa maji hata asipoona kiu, kwa hiyo chupa yake tumeichora mistari, na sehemu zote za desimali amejifunzia hapo. Baada ya hesabu ilikuwa zamu ya sayansi. Tulichora chembe nyekundu za damu: ya kawaida ni duara, na ya mgonjwa hupinda kama mundu wa kuvunia. Zilizopinda hukwama kwenye mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu huanza.

Ili waelewe ugonjwa unavyorithiwa, tulichukua sarafu mbili za shilingi kumi, moja ya baba na moja ya mama. Upande wa simba ukawa ndio wenye selimundu. Sisi wazazi tu wazima, lakini kila mmoja wetu ana simba upande mmoja. Zikianguka simba wawili, mtoto ni mgonjwa. Nafasi hiyo ni moja kati ya nne, kwa kila mimba. Walirusha mara 40, na simba wawili wakatokea mara 11. Mdogo wake akatutazama, akauliza, "Kwa hiyo dada aliugua kwa bahati tu?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tumeambiwa mengi tangu binti huyu azaliwe: kwamba ni laana ya ukoo, kwamba kuna dhambi tuliyoificha, kwamba imani yetu ni haba. Tulifungua Yohana sura ya 9, wanafunzi wanapomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu. Bwana hakumlaumu kipofu, wala hakuwalaumu wazazi. Alimwendea yule mtu. Tulimwambia mwanetu kwamba sarafu zinaeleza jinsi ugonjwa unavyoingia nyumbani. Hazielezi ni nani anayekaa nasi ndani ya nyumba ukiisha kuingia. Alinyamaza. Hatukumlazimisha aseme ameelewa.

Jumanne ilikuwa ya Kiswahili na kusoma ramani. Jumatano tulikwenda soko la Kongowea na shilingi mia tano, wao wakinunua na kuandika chenji daftarini.

Alhamisi tulipanda matatu hadi Mazeras, kisha tukaingia Rabai, kwenye jumba la makumbusho la Krapf lililomo katika kanisa la zamani. Njiani tuliwasimulia watoto habari zake. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alifariki baada ya kujifungua, na kichanga chao kikamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wetu huu wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, lakini hakurudi kwao. Mwaka huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Johannes Rebmann alipojiunga naye mwaka 1846, wakaanzisha kituo hapo Rabai. Mwaka 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na huko Ulaya wako mabingwa waliokataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta. Kijana wetu alilipenda sana hilo la wakubwa kukataa ukweli.

Dada yake alibaki na habari ya kichanga. "Kiliishi siku ngapi?" Tukamwambia ni chache mno. Akahesabu kwa vidole, kisha akasema taratibu, "Mimi nina miaka kumi kasoro siku mbili." Hakusema zaidi.

Usiku wa Ijumaa maumivu yalikuja, kwenye mapaja na mgongoni. Wazazi wenye mtoto kama huyu wanaujua usiku huo: dawa za maumivu, vitambaa vya moto, maji kidogo kidogo, kipimajoto, na simu ya dereva wa teksi karibu na mkono. Tulisali kwa maneno mafupi, kwa sababu marefu hayakupatikana. Alfajiri alilala, na homa haikupanda.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Bibi yake alileta mahamri, binamu wakaja, na pilau ikapikwa. Watoto wetu wa Kenya hawaioni sherehe ya kuzaliwa kuwa imekamilika mpaka mwenye siku amwagiwe maji. Kwake yeye baridi ni hatari. Mdogo wake akajitokeza, akatangaza kwamba mwaka huu anamwagiwa yeye kwa niaba ya dada. Alilowa chapachapa. Dada yake, amekaa kitini na shuka miguuni, alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumapili waliozaliwa mwezi huo waliitwa mbele kutoa shukrani. Alitembea polepole, ameshikwa mkono na mdogo wake, akaweka kapuni sarafu kumi za shilingi kumi. Zile mbili za Jumatatu zilikuwamo.

Zaburi ya 90 ni ombi la kufundishwa kuzihesabu siku. Zamani tulidhani hilo ni ombi la wazee. Binti yetu hajapona. Kila siku humeza haidroksiyurea, na kila siku tunamwombea. Lakini tumejifunza kwamba siku iliyohesabiwa haipotei, iwe ya soko, ya maumivu au ya pilau.

Wapendwa, tunawaomba mambo mawili. Vijana mnaojiandaa kwa ndoa, pimeni damu ili mjue mnachobeba. Kujua si kukosa imani. Na nyote, mkikutana na mzazi wa mtoto mgonjwa, msimwulize alitenda nini. Mwulizeni amelala saa ngapi, kisha mketi naye.